Maonyesho ya Sanaa Katika Jiji la Dar es Salaam, na Jinsi ya Kuyatazama

Katika jiji la Dar es Salaam kuna kituo cha mabasi kiitwacho Makumbusho. Kila siku maelfu ya watu hupanda na kushuka hapo, na makondakta hulitangaza jina hilo tangu alfajiri mpaka usiku. Walakini ukiwauliza abiria kumi kwa nini mahali hapo paitwa Makumbusho, huenda usipate watatu wa kukujibu. Jibu lenyewe si gumu. Karibu na kituo hicho, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, kipo Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960 ili kuhifadhi nyumba za asili za makabila ya nchi yetu. Siku hizi jina la kijiji lavuma kuliko kijiji chenyewe.

Nimekitaja kituo hicho kwanza kwa sababu chaonyesha vizuri hali ya sanaa katika jiji hili. Maonyesho yapo, tena mengi, lakini wengi wetu twapita mlangoni tukienda kwingine. Niliporudi bwenini baada ya likizo na kuwasimulia wenzangu niliyoyaona, mmoja wao aliniuliza nililipa dola ngapi kuingia. Hakuwa akifanya mzaha. Alidhani kweli kwamba mahali pa sanaa ni pa wageni kutoka Ulaya na Marekani, wenye kamera shingoni, na kwamba mwenyeji huingia kwa kazi ya kufagia tu. Kwa ajili ya mwenzangu huyo, na kwa wengine wenye mawazo kama yake, nimeona yafaa nieleze ni mahali gani pa kwenda, ni vitu gani vya kutazama, na vitazamwe namna gani.

Kwanza, habari ya malipo. Katika Makumbusho ya Taifa mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, na mwanafunzi hulipa kidogo zaidi. Katika nyumba nyingine za maonyesho mara nyingi hapana kiingilio kabisa. Mahali pa wachongaji na wachoraji, nitakapopataja, ni sokoni, na sokoni hakuna alipaye kwa kutazama. Kwa hiyo gharama kubwa ya mtazamaji ni nauli ya daladala na maji ya kunywa.

Yafaa kuanzia katikati ya mji, maana hapo waweza kwenda kwa miguu. Katika njia panda ya Barabara ya Samora, mahali ambapo magari huzunguka mchana kutwa, imesimama Sanamu ya Askari. Hiyo ni kazi ya sanaa ambayo haina mlango wala bawabu. Imetengenezwa kwa shaba nyeusi na mchongaji Mwingereza, James Alexander Stevenson, nayo ilizinduliwa mwaka 1927. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, na Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Mwanafunzi wa historia aweza kusoma tawala mbili mahali pamoja bila kufungua kitabu.

Itazame sanamu hiyo polepole. Askari ameinama kidogo mbele, bunduki mkononi, singe yaelekea bandarini. Hana jina. Kisha shuka chini ukayasome maandishi, yaliyoandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na kwa herufi za Kiarabu. Utaona kwamba hayawakumbuki askari peke yao, bali na wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi katika vita ya 1914 hadi 1918. Wapagazi hao walikuwa wengi kupita askari, na waliokufa kwa njaa na maradhi njiani walikuwa wengi mno. Lakini juu ya nguzo amesimama askari tu. Mjini Nairobi mchongaji yule yule alitengeneza sanamu ya watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Kwa nini huku wetu alitajwa kwa maneno tu? Sitaki kumjibia msomaji. Nasema tu kwamba hiyo ndiyo kazi ya kutazama: baada ya kuona kilichowekwa, uulize ni kipi hakikuwekwa.

Kutoka hapo mpaka Makumbusho ya Taifa, katika Mtaa wa Shaaban Robert karibu na bustani ya mimea, si mwendo mrefu. Yalifunguliwa kwa watu wote mwaka 1940, na wakati ule yalipewa jina la Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Wanafunzi wengi waliopata kufika huko hukumbuka mambo mawili: habari za lile fuvu la kale alilolivumbua Mary Leakey katika bonde la Olduvai mwaka 1959, na magari ya zamani waliyopanda viongozi. Ni mambo mazuri, wala siyadharau. Lakini humo humo mna vyumba ambamo picha na vinyago vya wasanii wa leo hutundikwa kwa majuma machache, kisha huondolewa na kuwekwa vya wengine. Aliyekwenda mwaka juzi hawezi kusema ameyaona ya mwaka huu. Kwa sababu hiyo nawasikitikia wale ambao huletwa na shule mara moja, wakapitishwa mbiombio kwa mstari, kisha wakahesabu kwamba makumbusho wameyamaliza.

Hapa nieleze kidogo jinsi maonyesho yanavyopangwa, maana mtu asiyejua huona haya. Kando ya kila kazi hubandikwa karatasi ndogo. Juu yake huandikwa jina la msanii, jina la kazi, mwaka ilipofanywa, vitu vilivyotumiwa, na mara nyingine vipimo au bei. Ukiona alama ndogo nyekundu imebandikwa hapo, maana yake kazi hiyo imekwisha kununuliwa. Usianze kwa kusoma karatasi. Anza kwa kusimama mbali na kuitazama kazi yenyewe mpaka umekwisha kuwa na mawazo yako, ndipo usogee na kusoma. Ukisoma kwanza, utayaona yale tu uliyoambiwa uyaone. Usiguse kitu, maana mafuta ya vidole huharibu rangi. Na ikiwa maonyesho yanafunguliwa jioni ile, aghalabu msanii mwenyewe huwapo amesimama pembeni, akiwa na wasiwasi kuliko mtu yeyote chumbani. Mwendee, msalimu, muulize. Hapana msanii anayekasirika akiulizwa jinsi alivyofanya kazi yake.

Maonyesho ya namna hiyo hufanywa pia katika nyumba za utamaduni za Wafaransa na za Wajerumani zilizoko Upanga. Huko huonyeshwa picha, filamu na muziki, na wasanii wengi wetu wamepata nafasi kwao. Yapendeza, ingawa lipo jambo la kufikiriwa katika hali ya mwenyeji kwenda kwa mgeni ili atazame kazi ya mwenyeji mwenziwe.

Sasa natupande daladala kwenda kaskazini, tukashuke katika kile kituo cha Makumbusho nilichokitaja. Ndani ya Kijiji utakuta nyumba za kweli, wala si picha zake: nyumba ya Wazaramo ya miti na udongo, tembe la Wagogo lenye dari bapa, msonge wa Wahaya ambao nyasi zake zashuka kutoka kileleni mpaka ardhini, hata huwezi kusema ukuta waanzia wapi na paa laishia wapi. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya matofali na bati hudhani kwamba nyumba hizi ni dalili ya umaskini. Ingia ndani ya msonge saa saba mchana, wakati jua limekaza, kisha utoke nje. Utajua mara moja kwamba waliojenga walikuwa na hesabu zao. Hufanywa ngoma pia katika uwanja wa kijiji, na siku nyingine watu wa kabila fulani huja kuonyesha mapishi, michezo na desturi zao.

Mbele kidogo ya hapo, kuelekea Mwenge, wako wachongaji wa vinyago. Nilikaa huko muda mrefu kuliko mahali pengine pote, kwa hiyo msomaji anivumilie.

Wachongaji wengi wa mpingo asili yao ni Wamakonde, watu wa nyanda za juu za pande mbili za mto Ruvuma, Tanzania na Msumbiji. Kwao kuchonga ni kazi ya zamani sana. Walichonga mapiko, yaani vinyago vya kuvaliwa usoni na kichwani katika ngoma za jando na unyago, na kwa kazi hiyo walitumia mti mwepesi, maana mchezaji hawezi kuruka na gogo kichwani. Vinyago vya mpingo vya kuuzwa vilienea baadaye, hasa katika miaka ya 1950, pale wachongaji walipokuja kutafuta kazi huku kaskazini na wafanya biashara wa mjini wakaanza kuwanunulia. Hapo zikatokea namna mbili zinazojulikana leo duniani. Namna moja huitwa shetani: viumbe vyenye jicho moja, au masikio marefu, au tumbo lililotobolewa katikati hata waona upande wa pili. Namna ya pili huitwa ujamaa: nguzo ya watu wengi waliopandana, mmoja amemshika mwenzake mguu, mwingine amembeba mtoto, na wote wametoka katika gogo moja bila kiungo wala gundi.

Nguzo ya ujamaa haitazamwi kwa kusimama mahali pamoja. Yakupasa kuizunguka. Nilipoizunguka moja nilihesabu watu kumi na tisa, nilipoizunguka tena nikahesabu ishirini na wawili, na mchongaji akacheka akasema hata yeye hana hakika. Kila mtu hapo amesimama juu ya mabega ya mwingine, na ukimtafuta aliye chini kabisa, mara nyingi utamkuta ni mzee.

Jambo la kujifunza Mwenge ni kuujua mpingo wenyewe. Mpingo hukua polepole sana. Mti unaochongwa leo huenda ulichipua kabla babu zetu hawajazaliwa. Moyo wake ni mweusi au wa rangi ya zambarau iliyoiva, lakini sehemu ya nje karibu na gome ni nyeupe yenye umanjano. Ni mzito hata ukiutia katika maji huzama. Huko Ulaya hutengenezewa zumari za bendi kubwa, kwa sababu haunywi unyevu upesi na sauti yake ni safi. Kwa kuwa mpingo ni ghali, wako watu wanaochonga mti mwingine mweupe na laini, kisha wakaupaka rangi ya viatu mpaka ung'ae.

Mzee mmoja mchongaji, nilipomwamkia shikamoo na kumweleza kwamba mimi ni mwanafunzi, aliacha tezo yake akanipa vinyago viwili.

"Mjukuu wangu, kimoja ni mpingo, kimoja ni uwongo," akasema. "Niambie."

Nilivishika kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa kizito na baridi mkononi, cha pili chepesi na chenye joto. Nikampa kile kizito. Akakigeuza kile chepesi, akakwaruza kitakoni kwa ukucha, na weupe ukaonekana mara.

"Macho ya mnunuzi hutazama uso," akasema. "Mwongo hukumbuka kupaka uso."

Kisha akanionyesha vyombo vyake: tezo ya kukatia gogo, patasi za ukubwa mbalimbali, tupa, na msasa wa kulainishia. Hana kipimo, wala hachori kwanza juu ya mti. Alisema hulitazama gogo siku mbili au tatu, kwa sababu gogo lenye mpindo halikubali kufanywa mtu aliyesimama wima, bali lenyewe humwambia mchongaji linataka kuwa nini.

Kutoka Mwenge turudi upande wa pwani, Oyster Bay, mahali watu wanapoita Morogoro Stores. Hapo ndipo kwenye chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga. Jina hilo huwachekesha watoto, maana tingatinga ni ile mashine ya kusukuma udongo. Lakini hapa ni jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa nchi.

Habari zake yafaa zijulikane na kila mwanafunzi anayefikiri kwamba sanaa hufanywa na waliosoma sana. Tingatinga alisoma kidogo. Alikuja kaskazini kutafuta kazi kama wengine, akafanya kazi za nyumbani kwa mzungu na vibarua vya namna nyingi, na baadaye akawa mhudumu katika hospitali ya Muhimbili. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji. Alichukua ubao mwembamba wa aina ile inayotumiwa na mafundi wa ujenzi, akaukata mraba, akatumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Alichora chui, ndege, kiboko, na watu wa kijijini, kila mmoja amejaza ubao, akiwa na macho makubwa na madoa yaliyopangwa kama shanga. Picha zake ziliuzwa hapo Morogoro Stores, mahali ambapo wazungu walikuja kununua mahitaji. Watu wakapenda. Akawafundisha jamaa na rafiki zake wachache, wakawa wanachora pamoja naye.

Mwaka 1972 alikufa kwa risasi ya polisi, ambao usiku ule walimdhania kuwa mhalifu. Alikuwa amechora muda wa miaka minne tu. Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea mahali pale pale, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaandikisha chama chao cha ushirika. Leo picha za Tingatinga zaonekana katika nchi nyingi za ulimwengu, na jina la mtu aliyetumia rangi ya baiskeli limekuwa jina la namna nzima ya uchoraji.

Ukitembelea mahali hapo utawaona wakifanya kazi wazi mbele ya watu. Kwanza hupaka rangi ya nyuma yote, aghalabu ikibadilika kidogo kidogo kutoka giza la chini kwenda weupe wa juu, kisha huiacha ikauke. Ndipo hutia umbo la mnyama, huacha likauke tena, na mwishoni huja madoa, manyoya, na macho. Kwa kuwa rangi hiyo haikauki upesi, mchoraji huwa na picha kadhaa kwa wakati mmoja, na hii ikingoja yeye huishika ile. Siku hizi wengi huchora juu ya kitambaa kizito badala ya ubao. Sababu yake si uzuri. Ni kwamba kitambaa hukunjwa kikaingia katika mkoba wa mgeni anayepanda ndege.

Hapo pana jambo ambalo lazima nilitaje ingawa nawapenda wachoraji hao. Picha nyingi zafanana mno. Utaona twiga wale wale chini ya Mlima Kilimanjaro katika vibanda sita mfululizo. Nilipomwuliza kijana mmoja mchoraji sababu, alinijibu bila kuficha kwamba wanunuzi wengi hutaka twiga na mlima, naye ana kodi ya nyumba ya kulipa. Jibu hilo ni la haki. Lakini tafuta kwa subira, maana nyuma ya twiga wale huwapo picha moja au mbili ambazo mchoraji alizifanya kwa kupenda mwenyewe: foleni ya daladala wakati wa mvua, hospitali yenye wagonjwa wamepangana, harusi ya uswahilini, mganga na wateja wake. Picha hizo hukaa sana ukutani bila mnunuzi, nazo ndizo zinazotueleza sisi. Kama wenyeji tungekuwa tukija kutazama na kusema neno, labda wachoraji wangezifanya nyingi zaidi.

Mikocheni, katika eneo la viwanda vidogo, kipo kituo kipya kuliko hivyo vyote, kiitwacho Nafasi, kilichoanzishwa mwaka 2008. Makontena ya meli yamegeuzwa kuwa vyumba vya kazi, kila msanii na chake, na katikati kuna ukumbi wa maonyesho na uwanja wa muziki na michezo. Huko hutaona twiga wengi. Utaona sanamu iliyofungwa kwa nyaya na vyuma vya gari lililokufa, au picha ambayo huwezi kusema ni ya nini. Baadhi ya kazi sikuzielewa hata kidogo, na moja niliichukia. Lakini niliifikiria juma zima, jambo ambalo sikulifanya kwa zile nilizozipenda upesi.

Haifai kudhani kwamba utamaduni wa jiji umefungiwa katika nyumba na vyumba. Yako maonyesho yasiyo na ratiba. Siku ya harusi au ya kumtoa mwali, ngoma ya mdundiko ya Wazaramo hupita mitaani, na watu huifuata wakicheza hata wengine wakajikuta mtaa wa mbali wasiojua njia ya kurudi. (Mama yangu mdogo asema zamani watoto wengi walipotea hivyo, naye alikuwa mmoja wao.) Kanga nayo ni kazi ya sanaa yenye sheria zake: pindo lazunguka pande zote nne, mji hukaa katikati, na chini ya mji huandikwa jina, yaani maneno ya kanga. Mwanamke aweza kumjibu jirani yake bila kufungua kinywa. Kila mwaka mwanzoni mwa Julai, katika maonyesho ya biashara ya Sabasaba katika Barabara ya Kilwa, utaona vinyago, mikeka, vyungu, na vikundi vya ngoma katikati ya mashine na magodoro. Na kama waweza kusafiri kilomita sabini hivi kwenda Bagamoyo, huko kuna chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho huandaa tamasha la ngoma, maigizo na muziki.

Sasa nieleze kwa nini naona jambo hili ni la haraka. Sanaa haikai kutungoja. Mwaka 1972 ilianzishwa mjini Nyumba ya Sanaa, ambamo vijana wengi, baadhi yao viwete na maskini, walipewa mahali pa kufanyia kazi. George Lilanga alifanya kazi humo, na kazi zake zilikwenda kuonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Alifariki mwaka 2005. Leo nyumba hiyo haipo tena, na mwanafunzi wa umri wangu hawezi kwenda kuiona hata akiwa na nauli. Tena fikirini habari za Sam Ntiro, mtoto wa Uchagani, aliyesoma uchoraji Makerere na London, akawa balozi wetu wa kwanza mjini London baada ya uhuru wa 1961. Mwaka 1956 alichora picha ya wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo iko New York, katika makumbusho makubwa ya sanaa ya kisasa. Mtoto wa New York aweza kuiendea kwa treni. Mtoto wa Machame, ambaye babu yake huenda alikuwa miongoni mwa waliobeba pombe ya namna hiyo, hawezi. Sisemi irudishwe, maana ilinunuliwa kwa haki. Nasema kwamba kazi nyingi zinazotundikwa leo Dar es Salaam zitasafiri vivyo hivyo, na muda wa kuzitazama ni kabla hazijafungwa katika karatasi.

Kwa wazazi nina neno, nalo nalisema kwa heshima. Katika bweni letu yuko mwenzangu ambaye huchora vizuri kuliko sisi sote; ramani zote za Jiografia ukutani mwa darasa letu ni za mkono wake. Baba yake amemwambia aache, kwa kuwa kuchora si kazi. Simlaumu mzee huyo. Anajua ada inavyopatikana, na ni kweli kwamba wachoraji wengi niliowaona hawana mali. Wengine hukaa mwezi mzima bila kuuza. Lakini niliwaona pia watu wazima wanaosomesha watoto wao kwa brashi, na wanaofanya hesabu za bei, rangi, na mizigo ya ndege kama wafanya biashara wengine. Mzazi anayetaka kukataza, na akataze. Ila aende kwanza mahali hapo siku moja pamoja na mwanawe, awaulize wenye kazi yenyewe, ndipo aamue. Jibu atakalopewa na mchoraji wa miaka hamsini lina uzito kuliko langu.

Wapo walimu wanaosema kwamba mambo haya hayaulizwi katika mtihani. Mengine huulizwa. Habari za wapagazi wa vita zimo katika Historia, mpingo umo katika Biolojia na Jiografia, na maneno ya kanga ni fasihi. Nimewahi kumsikia mwalimu wetu wa Kiswahili akitumia kipindi kizima juu ya kanga tatu, na kipindi kile hakuna aliyesinzia.

Chama cha Sanaa cha shule kimeomba safari ya siku moja, Jumamosi, katika muhula ujao. Mkuu wa Shule amekubali, kwa sharti kwamba kila mwanafunzi alete barua ya mzazi iliyotiwa sahihi, na kwamba wanafunzi wasizidi arobaini, kwa ajili ya basi. Tutaondoka saa kumi na moja alfajiri. Njia itakuwa Sanamu ya Askari, Makumbusho ya Taifa, kisha Kijiji cha Makumbusho wakati wa ngoma, na mwisho Mwenge kwa wachongaji, maana hapo ndipo kila mtu huchelewa. Oyster Bay na Mikocheni zimeachwa kwa safari nyingine. Chukueni daftari na kalamu ya risasi, na viatu vya kutembelea.

Kidato cha Nne hatutakuwamo, kwa sababu tutakuwa tukijitayarisha kwa mtihani wa taifa wa Novemba. Nafasi zote arobaini ni za Kidato cha Kwanza mpaka cha Tatu. Majina yapelekwe kwa katibu wa chama, bweni la pili, kabla ya kufunga shule.